Chumvi ya Mukwasha

Jumapili, 4 Septemba

Daftari hili lilikuwa la mwanangu Fungai la hesabu. Kurasa za nyuma hakuzigusa, maana yeye na hesabu hawakuwahi kusalimiana. Nimelichukua ili mambo ya msimu huu yaandikwe na mtu aliyekuwepo, kabla watu wa hapa Gutu hawajaanza kuyasimulia vibaya.

Kwanza liandikwe hili: mtu wa kwanza kufuga kware upande huu wa mto ni mimi, Jairosi Mutandwa, wa ukoo wa Gumbo. Wenzangu walikuwa bado wanawatega porini kwa nywele za mkia wa ng'ombe, mimi nina mashine ya kutotolesha. Niliitengeneza kwa mikono yangu: friji bovu, balbu mbili, feni ndogo na betri ya lori. Mhandisi mmoja wa Masvingo alipoiona alivua kofia, akakaa bila kofia mchana kutwa.

Leo kilikuwa kikao cha arusi ya Yeukai, binti wa dada yangu Shupikai. Arusi ni tarehe 17 Desemba. Walipofika kwenye chakula wakaanza kuhangaika na kuku. Nikasimama. Nikasema mjomba wa kweli hamwozi mpwa wake kwa kuku. Nikasema kware mia mbili, na wote watatoka kwenye mashine yangu, wala asichangie mtu mwingine hata bawa. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbwa wakaondoka.

Baba wa bibi arusi, Wirirai, mume wa dada yangu na kwa hiyo mukwasha wetu, naye alipiga makofi, polepole, viganja vimekunjwa kama inavyompasa. Lakini alitabasamu. Tabasamu lile nimerudi nalo nyumbani na bado ninalo.

Mayai ya kwanza ya kware aliyoyashika maishani mwake nilimpa mimi. Kumi na mawili, kwenye sufuria ya mke wangu. Siku hizi watu wanatoka hadi Mpandawana, wanapita mlangoni kwangu, wananisalimia vizuri sana, halafu wanakwenda kuchukua vifaranga kwake.

Jumanne, 6 Septemba

Nimeweka mayai 260. Joto thelathini na saba na nusu. Kipima unyevu kinasoma 45, ndipo panapotakiwa kwa siku kumi na nne za mwanzo. Baada ya hapo unaongeza maji kwenye trei hadi ifike sitini na kitu, ili utando wa yai ulainike na kifaranga apate kutoka. Haya nayajua kichwani, sihitaji kitabu.

Kipima changu si cha dukani. Kilitoka kwenye ndege ya vita iliyoanguka. Mai Fungai, mke wangu, anasema kilitoka ukutani kwa mwalimu mkuu aliyehama. Mke wangu hajawahi kupanda ndege. Mimi angalau nimewahi kuigusa moja.

Ijumaa, 9 Septemba

Nimegeuza mayai mara tatu. 45. Upepo mkavu, midomo inapasuka.

Jumamosi, 10 Septemba

Vilevile.

Jumatatu, 12 Septemba

Wirirai alikuja. Mukwasha ni mukwasha. Aliyeoa kwetu hata akiota mvi ataketi chini kwangu, atapiga makofi kabla ya kufungua mdomo, na hatanikosoa hata nikisema jua linachomoza magharibi. Basi nilimpa kazi. Alirekebisha paa la banda, akabeba maji, akapasua kuni ambazo sikuzihitaji. Alifanya yote vizuri, na hilo ndilo linaloudhi.

Kisha akaomba ruhusa kuiona mashine. Nikaifungua wazi aione yote. Alikitazama kipima changu kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe anayechechemea wa jirani.

"Gumbo," akasema, ananiita kwa ukoo wangu kwa heshima, "hiki chombo kina umri gani?"

Nikamsimulia ya ndege ya vita. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Kimeona mengi."

Wakati wa kuaga akatoa mfuko wa chumvi ya mawe na chupa tupu ya mfuniko mpana. Akasema ukiilowesha kidogo chumvi hii, ukaifungia kwenye chupa, inakuwa na akili sana. Nikamkatiza hapo hapo. Nikamuuliza kama huko kwao chumvi inakwenda shule. Mai Fungai alicheka, nami nikacheka, na mukwasha akapiga makofi akaondoka.

Baadaye nikaacha kucheka. Mtu anakuletea chumvi nyumbani kwako, maana yake nini? Kwamba kwangu hakuna chumvi? Mai Fungai ameitia kwenye majani ya maboga. Chupa ameijaza siagi ya karanga.

Jumapili, 18 Septemba

Kanisani wamemwomba Wirirai awafundishe akina mama kufuga kware. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la pili, naonekana wazi.

Ijumaa, 23 Septemba

Naandika kwa sababu sitaki kuongea na mtu.

Tangu juzi mayai yalikuwa yanatoa sauti. Siku tatu za mwisho nilipandisha maji mpaka kipima kikasoma 66. Jana asubuhi yalianza kutoboka, tundu moja moja, kama mtu anachungulia. Niliwaita watu waje waone. Mwalimu alikuja, kina mama wa kwaya walikuja, mzee wa josho la ng'ombe alikuja na wajukuu, na kila aliyekuja nilimfungulia mlango wa mashine.

Wametoka arobaini na mmoja.

Waliobaki walitoboa wakaishia hapo. Mchana wa leo nilipasua yai moja baada ya jingine. Kifaranga amekamilika, ana manyoya, ana kucha, na ule utando umemkauka mwilini kama karatasi iliyogandishwa kwa uji. Wengine midomo ilikuwa imetoka nje, wazi. Kumi hivi walikuwa bado hai nilipowafikia, nikawabandua kwa kidole kilicholoweshwa mate. Hakupona hata mmoja.

Mayai mia mbili na sitini. Nimewaambia watu mia moja na tisini wametoka.

Kufika saa kumi Mai Fungai akarudi kutoka kisimani na habari kwamba kwa Shupikai wametoka mia mbili na kumi na tatu, leo hii hii. Mashine ya mukwasha ni sanduku la mbao lililokuwa la majeneza ya mbwa, sijui la nini. Betri moja ndogo. Na hakuna mhandisi aliyevua kofia mbele yake.

Lakini nimefikiri, nimeelewa. Ukoo wao ni Hungwe, tai wa mtoni. Mtu ambaye mababu zake wote ni ndege, ataacha kuelewana na ndege? Kware wanamtambua. Wanatoka kwenye mayai kumsalimia babu. Mimi Gumbo, mtu wa mguu, ninashindana na familia nzima.

Jumanne, 27 Septemba

Nimeweka mengine 260. Safari hii kipima kwenye 50, nione.

Jumatatu, 3 Oktoba

Nilikwenda kwa Shupikai kumjulia hali. Mtu anaruhusiwa kumjulia hali dada yake.

Wirirai alikuwa shambani. Dada alipokwenda kutafuta mahewu ya kuninywesha nikaingia chumba cha mashine. Nikafunua kifuniko kidogo tu. Miwani yangu ikashika ukungu papo hapo, nikawa sioni. Nilipoifuta nikaona kipima chake: 46. Changu nyumbani kilikuwa kinasoma 50, na miwani yangu haijawahi kushika ukungu kwenye mashine yangu, hata siku moja.

Halafu nikaona kitu kingine. Kwenye rafu ya juu palikuwa na chupa ya mfuniko mpana, imezibwa kwa nta. Ndani, kizibo cha soda kimejazwa chumvi iliyolowa. Na kando ya chumvi, kipima unyevu kingine, kimelala kama mgonjwa.

Sikunywa mahewu. Njia nzima nilikuwa nasema: dawa. Ndiyo ile chumvi yenye akili. Alitaka niiingize kwangu mwenyewe, kwa mikono yangu.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimefikiri tena. Kama dawa yake inamfanyia kazi yeye, itanikataaje mimi niliyemwoza dada? Nimechukua chumvi iliyobaki, nimetia ngumi mbili kwenye kila trei ya maji ndani ya mashine, nikataja jina la ukoo wangu na la babu. Ikabidi nitaje na la Hungwe.

Jumamosi, 8 Oktoba

Joto la kuchemsha. Jana mbuzi wa jirani alilala kivulini akaamka ameiva.

Ijumaa, 14 Oktoba

Kumi na tisa.

Jumamosi, 15 Oktoba

Ilikuwa siku ya josho. Wanaume walikuwa kama kumi na watano, wamekalia uzio, wanaongelea arusi. Mmoja akasema kwa nia njema kabisa kwamba kama mjomba amezidiwa, baba wa bibi arusi anao kware wa kutosha. Mwingine akasema mikono ya Wirirai ni myepesi.

Nikasema. Sikupaza sauti. Nilisema wapo watu ambao mayai yao yanaanguliwa na vitu vilivyofungiwa kwenye chupa, na kwamba mimi nimeviona kwa macho yangu, na kwamba mikono haina uzito wala wepesi, kuna kinachofichwa.

Watu waligeuka kunitazama. Hata ng'ombe. Nilipofika nyumbani maneno yalikuwa yamefika kwa dada yangu kabla yangu, maana alikuwa mlangoni kwangu, hajafunga kitambaa cha kichwa.

"Kaka," akasema, "umemwita mume wangu mchawi mbele ya ng'ombe."

Nikaanza kujieleza. Hakuninyamazisha, alisubiri tu nimalize, na hilo ni baya zaidi. Kisha akasema Yeukai ana mjomba mmoja, na siku ya arusi hatamzuia mjomba huyo kusimama.

"Lakini ukisimama, uyafute uliyoyasema, mbele ya watu wale wale. Ukishindwa, kaa nyuma na wapiga picha."

Jumatatu, 17 Oktoba

Yaandikwe yote, kwa kuwa nimeshaanza.

Jana Yeukai alikuja. Mwaka jana alimaliza chuo cha ualimu. Mpwa ana ruhusa yake kwa mjomba: anakutania, anakula kwenye sahani yako, anakwambia ambacho wengine wanakisema ukishaondoka. Akaingia bila hodi, akamwomba Mai Fungai ile chupa, akakombea siagi yote ya karanga kwenye bakuli, akaiosha, akaikausha. Chumvi ilibaki kama konzi moja. Akaijaza kwenye kizibo cha soda, akailowesha matone mawili, akaiingiza chupani.

"Mjomba, lete kipima cha ndege ya vita."

Nikauliza anafanya nini. Akasema anafanya uchawi wa baba. Akakiweka kipima kando ya chumvi, akaziba mfuniko kwa nta ya mshumaa, akaweka chupa mezani, akasema isiguswe hadi kesho yake asubuhi. Kisha akalala hapa hapa kwetu ili ailinde, maana ananijua.

Leo asubuhi tukakaa mbele ya chupa, watu watatu, kama tunasubiri ihutubie.

Akanieleza. Chumvi iliyolowa, ukiifungia kwenye chupa, hewa ya humo hufika 75 ikatulia hapo. Iwe hapa, iwe Harare, leo au mwakani, chumvi haijui namba nyingine. Kwa hiyo kipima kilicho sawa, ukikifungia nayo, lazima kisome 75. Baba yake huvipima vyake vyote hivyo kila mwanzo wa msimu.

Changu kilikuwa kinasoma 95.

Ina maana niliposoma 45, mayai yangu yalikuwa kwenye 25. Siku za mwisho niliposoma 66, vifaranga walikuwa wanapigana na utando kwenye 46, na mimi nawafungulia mlango kina mama wa kwaya. Ile chumvi niliyotia kwenye trei ndiyo ikayazuia maji hata yale machache yasipande hewani.

"Kinazidisha ishirini," Yeukai akasema. "Kimekaa na wewe muda mrefu, Mjomba. Kimekuiga."

Mai Fungai alikwenda nje kucheka. Alikaa huko muda.

Nikamuuliza mpwa wangu kwa nini baba yake hakuniambia. Akanitazama kama mwanafunzi wake wa darasa la kwanza.

"Angesemaje? Yeye ni mukwasha. Alikaa chini, akapiga makofi, akakuletea chumvi na chupa. Alibakisha nini cha kukuletea zaidi ya mwalimu?"

Mama yake alitaka kuja kunieleza, baba yake akamkataza. Alisema tezvara, yaani mkwe wa upande wa mke kama mimi, hafundishwi kazi na mke wa mtu. Heshima aliyonipa ndiyo iliyoniulia vifaranga. Nami mle mle kwenye heshima nikamwona mchawi.

Nilidhani nikijua ukweli wivu utaisha. Umezidi. Zamani nilimwonea wivu kwa mkono wake. Sasa na kwa moyo wake pia.

Jumanne, 18 Oktoba

Mayai 260. Ndiyo nafasi ya mwisho. Baada ya hapa hawatakua kabla ya arusi. Kipima kinasoma 65, natoa ishirini, 45. Trei ziko nne, maji safi. Miwani imeshika ukungu.

Jumamosi, 22 Oktoba

65, toa ishirini. Sikwenda josho.

Jumamosi, 29 Oktoba

65, toa ishirini. Nilikwenda josho. Wirirai alikuwepo, akapiga makofi kunisalimia kama kawaida. Midomo yangu ilifunguka, ikasema habari za kupe.

Jumanne, 1 Novemba

Mwisho wa kugeuza. Kipima 88, toa ishirini. Mai Fungai amefunga mlango wa mashine kwa kamba ya ng'ombe na amelikalia fundo. Wageni amewafukuza. Mimi pia.

Ijumaa, 4 Novemba

Mia moja na hamsini.

Nimehesabu mara nne. Wamelowa, wanaanguka wanasimama, kila mmoja hazidi kidole gumba. Miwani yangu ilishika ukungu kabla sijafungua mlango. Pamoja na wale sitini wa kwanza nina mia mbili na kumi. Nimewaambia watu mia mbili na kumi, wakatoa ishirini wao wenyewe.

Ijumaa, 11 Novemba

Jana saa tisa alasiri mvua ilikuja. Tuliiomba miezi mitatu, ikaja yote siku moja. Mawe ya mvua yalikuwa makubwa kama maboga. Natoa ishirini: kama mayai ya kware. Yalitoboa paa la kibanda cha vifaranga, upande ule ambao Wirirai hakuurekebisha, kwa sababu Septemba nilimwambia aache, nitaumaliza mimi. Taa ya joto ikazimika. Tuliwaokota, Mai Fungai kwa sketi yake na mimi kwa koti, tukawaweka jikoni kando ya moto. Waliolowa hadi ngozi walirundikana pamoja, wa chini wakafa kwa uzito, wa juu kwa baridi.

Arobaini na wawili. Wamebaki mia moja sitini na nane.

Nimesikia kwa mukwasha hakufa hata mmoja. Paa lake ni la nyasi, alilisuka mwenyewe. Nilikaa nikaomba apate angalau kifo kimoja tu, kidogo. Nimeandika hivyo ili nisije kujisahau nikasema sikuomba.

Jumatano, 30 Novemba

Wanakula. Wananenepa. Hawaongezeki.

Jumamosi, 10 Desemba

Josho la mwisho kabla ya arusi. Habari za kupe.

Ijumaa, 16 Desemba

Asubuhi Wirirai alikuja na kizimba begani. Akakitua, akaketi chini kwenye vumbi, akapiga makofi.

"Gumbo, hawa nimewakuta kwangu. Nadhani ni wako, walitoroka siku ya mvua."

Walikuwa thelathini na wawili. Kware wangu hajawahi kutoroka kuvuka mto. Nilimtazama Mai Fungai, akawa anatazama kuku. Nikawaangalia kware wenyewe: vifua vimejaa, manyoya yanang'aa, wanene kuliko wa kwangu wote. Nilitaka kumwambia awarudishe. Nilitaka kumwambia arudi kwao na akili zake za chumvi. Nikakichukua kizimba.

Nikasema, "Ndiyo. Wanafanana na wangu."

Akapiga makofi, akaondoka.

Jumapili, 18 Desemba

Arusi ilikuwa jana. Watu walikuwa elfu tatu. Basi, mia nne.

Jana Wirirai hakuketi chini. Sasa naye ana mukwasha wake, kijana aliyemwoa Yeukai, aliyekuwa anazunguka na maji ya kunawisha huku anatoka jasho. Wirirai alikuwa kwenye kiti chenye mikono, suti ya kijivu, karibu na kiti changu. Kimo kimoja. Nilijikuta nanyoosha mgongo.

Kware walipopita na sadza, ugali wetu, mshereheshaji akatangaza: kware mia mbili, kutoka mashine ya mjomba, kama alivyoahidi. Vigelegele. Niliona wazee wote wa josho wamekaa pamoja. Niliona dada yangu ameshika kijiko, hali.

Nikasimama. Nilikuwa na hotuba. Ilikuwa na mhandisi ndani yake.

Nikasema, "Toeni thelathini na wawili."

Watu wakasubiri. Nikasema wa kwangu ni mia moja sitini na nane, thelathini na wawili ni wa Hungwe, na hata hao wa kwangu wasingetoka bila yeye. Nikasema kile nilichokiona kwenye chupa yake ni chumvi, ya kupimia hewa, ya kupikia maboga, na aliyesema ni uchawi alikuwa na kipima kinachozidisha, na kipima hicho mnakijua, mmekisikiliza miaka yote.

Wakacheka. Walicheka mpaka mzee wa josho akamwaga kinywaji chake. Walidhani natania, kwa sababu hakuna mtu hapa Gutu aliyewahi kunisikia nikipunguza. Mshereheshaji akasema mjomba ni mnyenyekevu sana, akatangaza tena mia mbili.

Shupikai hakucheka. Alianza kula.

Nikaketi. Nimesema kweli mara moja maishani mwangu, na sifa nimepewa mimi, na bado niliona jirani yangu ana paja kubwa kuliko langu kwenye sahani.

Kisha Wirirai akaniinamia. Hakupiga makofi.

"Gumbo," akasema, "nipitishie chumvi."

Mukwasha anamtuma tezvara, mbele za watu. Mai Fungai aliacha kutafuna. Nilinyanyuka, nikazunguka meza nzima kukifuata kibakuli, nikampelekea, nikamwekea kwa mikono miwili. Akashukuru. Hakuichota hata punje.

Nilionja kware wangu. Alikuwa amekolea chumvi tayari.